Kitovu Husubiri, Kinena Hakisubiri



Nikija hapa leo nimepita kituo cha mabasi. Kwenye nguzo ya umeme imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mzito: NGIRI, BUSHA, CHANGO, NGUVU ZA KIUME, KUMRUDISHA MPENZI. Chini yake namba ya simu. Mganga huyo sina ugomvi naye kwa leo, maana ameandika lugha tunayoisema sote. Neno ngiri kwetu ni kapu. Mzee anayeumwa kiuno ana ngiri. Binti anayeumwa tumbo kila mwezi, ngiri. Kijana aliyeoa na ndoa haiendi vizuri, ngiri. Mtoto aliyetokeza kitovu, ngiri. Yupo na yule mnyama wa porini mwenye pembe mdomoni, lakini huyo tumwache mbugani Mikumi aendelee kuchimba mizizi.

Kazi yangu jioni hii ni kulimwaga kapu hilo na kutenga vya mtoto. Kwa mtoto mdogo, mambo yanayoitwa ngiri au mshipa mara nyingi ni matatu: kuna la kitovuni, kuna la kinenani, na kuna maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Matatu haya yanafanana kwa macho, lakini hayana mwendo mmoja. Kitovu husubiri. Maji, kwa mtoto mchanga, nayo husubiri. Kinena hakisubiri. Kosa letu, la nyumbani na la hospitali pia, ni kwamba tumepindua mpangilio: kitovu tunakikimbilia, kinena tunakiambia kingoje.

Nianze na mgonjwa mmoja. Ilikuwa alfajiri, wakati wa masika, njia zote matope. Bibi mmoja aliingia akiwa amembeba mjukuu wa miezi mitano, mama wa mtoto nyuma yake ameloa mpaka magotini.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu hajalala. Analia na kutapika tu tangu saa nane ya usiku.”

Tulipomvua nguo nikakuta amefungwa kipande cha kanga tumboni, kimezungushwa mara mbili na kukazwa. Ndani ya kitambaa, juu ya kitovu, palikuwa na sarafu ya shilingi mia mbili. Chini ya sarafu ngozi ilikuwa imelowa, imechubuka, na imeanza kunuka.

“Hii ya nini, bibi?”

“Ya kitovu, mwanangu. Kilimtoka akiwa na wiki tatu. Hata baba yake kilimtoka, tukamfunga hivi hivi, kikarudi.”

Nilikibonyeza kwa kidole. Kilikuwa laini, kikaingia, kikatoka tena. Kitovu hakikuwa na neno. Lakini matapishi kwenye kanga ya mama yalikuwa ya kijani. Nikafungua pampasi. Kwenye kinena cha kulia palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu, mgumu, ngozi yake imeiva kwa wekundu.

“Na huu?”

“Aa, huo ni mshipa tu. Unakuja, unakwenda. Tuliuonyesha, tukaambiwa tungoje mpaka akue.”

Waliowaambia hivyo walikuwa watu wa taaluma yangu, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Kwa hiyo msinisikilize leo kama mtu aliyekuja kuwafokea mabibi. Bibi alikilinda kitovu kwa miezi minne kwa bidii ambayo sisi hatukukipa kile kinena hata kwa dakika moja.

Sasa tuone kinena kinafanyaje. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama, korodani zake hazianzi pale tunapozikuta. Huumbika juu, karibu na figo, kisha katika miezi ya mwisho ya mimba, kuanzia mwezi wa saba, hushuka kupitia kinena mpaka kwenye mfuko wake. Zikishuka, huambatana na utando laini unaofunika tumbo kwa ndani, ukajivuta mbele kama kidole cha glavu. Safari ikiisha, kidole hicho hujifunga chenyewe. Kisipojifunga hubaki mlango kati ya tumbo na kinena. Mlango ukiwa mwembamba sana, hupita maji peke yake. Ukiwa mpana, hupita utumbo. Hiyo ndiyo ngiri ya mtoto, ambayo wengine siku hizi wanaiita henia.

Mkilijua hilo, mengine yanajieleza yenyewe. Kwa nini wavulana huipata mara nyingi kuliko wasichana? Kwa sababu ya safari ya korodani. Kwa nini upande wa kulia ndio huongoza, kiasi cha sita katika kila kumi? Kwa sababu korodani ya kulia huchelewa kushuka, na mlango wake huchelewa kufunga. Kwa nini watoto njiti ndio waathirika wakubwa? Kwa sababu wamezaliwa safari haijaisha. Kwa watoto waliotimiza miezi yao, ngiri ya kinena hupatikana kwa mmoja hadi watano katika kila mia. Kwa njiti wadogo sana idadi inaweza kufika hata thelathini katika mia.

Na wasichana msiwasahau. Nao wana njia ndogo kinenani, na kwao kinachoshuka mara nyingi ni ovari, kifuko cha mayai. Mama atakihisi chini ya kidole kama kiharage kinachoteleza. Msikisugue na msikisukume kwa nguvu. Nacho kinahitaji daktari bila kuchelewa, kwa sababu ovari iliyonaswa pale inaweza kujisokota na kufa.

Hapa nataka niwaombe radhi kina mama kwa niaba ya ukoo mzima. Nani hajasikia mama akiambiwa, “Umemwacha mtoto analia mpaka ngiri imemtoka”? Mlango ule ulikuwa wazi kabla mtoto hajalia kilio chake cha kwanza duniani. Akilia, akikohoa, akijikamua kwenda haja, msukumo wa tumbo huongezeka na utumbo huchungulia. Kwa hiyo kilio hufichua ngiri tu, hakiizai. Mama aliyeiona wakati mtoto analia hakuisababisha. Ameigundua, na anastahili kushukuriwa.

Kwa nini basi kinena hakisubiri? Kwa sababu mlango huo ni mwembamba na kingo zake ni ngumu. Utumbo uliotoka ukavimba kidogo hushindwa kurudi. Usiporudi, damu yake hubanwa. Ikibanwa saa kadhaa, kipande hicho huanza kufa. Na mishipa inayopeleka damu kwenye korodani imepita mlango huo huo, kwa hiyo korodani nayo hukabwa. Hatari hii ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha, yaani umri ule ule tunaosema “bado mdogo, akue kwanza”. Utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliokuwa wakingoja upasuaji wa kinena. Kwa wale wasiotimiza mwaka, waliongoja zaidi ya siku 14 walikuwa na hatari mara mbili ya utumbo kunasa kuliko waliofanyiwa mapema. Tuzitazame zile siku kumi na nne, halafu tulitazame neno letu “akikua”.

Njiti ndio wanaohitaji hesabu ya peke yao, kwa kuwa dawa ya usingizi inaweza kuwafanya wasahau kupumua saa kadhaa baada ya upasuaji. Mwaka 2024 Marekani walitoa matokeo ya kuwalinganisha njiti waliopasuliwa kabla ya kutoka hospitali na waliosubirishwa mpaka wakakomaa zaidi. Waliopata madhara makubwa walikuwa 28 katika mia kwa kundi la kwanza na 18 katika mia kwa kundi la pili. Kwa hiyo mtoto njiti anaweza kuahirishwa, ila aahirishwe na mtaalamu mwenye tarehe mkononi, huku mama akijua dalili za hatari. Kuahirisha bila tarehe ni kutelekeza.

Dalili hizo nizitaje polepole, na aliye na simu arekodi. Uvimbe uliokuwa ukirudi, leo haurudi. Umekuwa mgumu na ukiguswa mtoto anapiga kelele. Ngozi juu yake imebadilika rangi. Analia hanyamazi hata kwa ziwa. Anatapika, hasa matapishi ya kijani. Tumbo limejaa, choo na hewa havitoki. Mojawapo ikitokea, msingoje kupambazuke. Msiukamue uvimbe, msiupake dawa ya kuchua, msiupige chale. Chale kwenye ngiri ni wembe juu ya utumbo. Acheni kumpa chochote mdomoni, mfungeni mgongoni, ondokeni. Hospitali yenye chumba cha upasuaji itajaribu kwanza kuurudisha utumbo taratibu mtoto akiwa ametulizwa kwa dawa. Ukirudi, hulazwa na kupasuliwa baada ya siku moja au mbili uvimbe ukishapungua. Usiporudi, ni upasuaji wa hapo hapo.

Na ushauri mmoja mdogo ambao umeniokoa mara nyingi: uvimbe wa kinena una tabia ya kujificha mbele ya daktari. Mama anafika baada ya foleni ya saa tatu, mtoto amelala, kinena kimenyooka kama hakijawahi kuwa na kitu, na daktari mwenye haraka anasema haoni shida. Mpigeni picha kwa simu uvimbe ukiwa nje. Picha moja kama hiyo inatosha kumaliza ubishi wote.

Upasuaji wenyewe ukipangwa mapema unaogopwa kuliko unavyostahili. Kina mama wa pwani mnajua kufunga fedha kwenye pindo la kanga: unatia noti, unakusanya kitambaa, unakaza fundo. Ngiri ya mtoto ni pindo lililojitokeza bila fundo. Daktari anapasua mkunjo mdogo wa ngozi chini ya tumbo, anaurudisha utumbo ndani, anautenga ule mfuko na mishipa ya korodani kwa uangalifu mkubwa, kisha anaufunga fundo shingoni. Basi. Mtu mzima mambo yake ni mengine: nyama zake zimelegea, na mara nyingi huwekewa wavu wa kuziimarisha. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kutoka mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302, ukaonyesha kwamba wavu wa bei nafuu uliotokana na kitambaa cha chandarua ulifanya kazi sawa na ule wa kiwandani wa bei ghali. Mtoto hahitaji wavu wowote. Nyama zake ni nzima. Kilichokosekana ni fundo.

Na mtoto mkubwa kidogo, mwenye afya, hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Msidhani huu ni mtindo wa juzi. Daktari James Nicoll wa Glasgow, Scotland, alisimama mbele ya madaktari wenzake mwaka 1909 akawaeleza upasuaji 8,988 waliofanyiwa watoto katika muda wa miaka kumi bila kulazwa, ngiri ikiwemo. Alishikilia kwamba mtoto mchanga hutulia zaidi mikononi mwa mama yake kuliko kwenye kitanda cha wodi. Bibi yule wa alfajiri angemkubali bila mjadala.

Jambo moja tu nawasihi kuhusu dawa ya usingizi, ambayo wazee bado wanaiita nusu kaputi. Tumbo la mtoto linatakiwa liwe tupu. Maziwa ya mama yakome saa nne kabla. Maziwa ya kopo, ya ng'ombe na uji saa sita kabla. Mtoto atalia, na bibi atamwonea huruma, atamlambisha uji kidogo nyuma ya mlango. Mkishampa, semeni. Hatutagomba, tutasogeza saa. Uji uliofichwa ndio unaopanda kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu mtoto akiwa amelala.

Tumalizane na maji. Mtoto wa kiume akizaliwa na mfuko wa korodani uliojaa maji, uvimbe huwa laini, hauumi, na kwa wengi hukauka wenyewe katika mwaka wa kwanza au wa pili. Watu wanamulika tochi ya simu: uvimbe uking'aa, wanasema ni maji. Msijipimie hivyo nyumbani. Utumbo wa mtoto mchanga ni mwembamba, na ukijaa hewa nao unang'aa. Wala msilichanganye hilo na mabusha ya watu wazima wa pwani. Yale huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na ndiyo sababu ya zile kampeni za kumeza dawa ambazo Tanzania ilizianzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Mtoto aliyezaliwa na maji hakuumwa na mbu yeyote.

Nirudi kwenye kitovu, maana najua mnaningoja hapo na sarafu zenu. Kitovu ni tundu lililopitisha mishipa ya kumlisha mtoto miezi tisa. Kikikatika, tundu hukazwa taratibu na nyama za tumbo. Kwa watoto wengi, na zaidi kwa watoto wa asili ya Kiafrika na waliozaliwa na uzito mdogo, kazi hiyo huchukua miaka. Wengi sana hufunga kabla ya kutimiza miaka mitano, bila dawa na bila mshono. Mtasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni ya kweli, na kwa kinena naipigia saini. Lakini kitovu ni ufa unaojiziba wenyewe, ilimradi tusiuchokonoe.

Ndiyo maana bibi hakusema uongo. Baba wa mtoto alifungwa sarafu, na kitovu kikarudi. Angefungwa kifungo cha shati kingerudi. Asingefungwa kitu kingerudi. Sarafu ilikaa juu ya kitovu wakati miaka inafanya kazi, ikapokea sifa za miaka. Madhara yake lakini ni yake mwenyewe: ngozi inachubuka, inaoza, na kwa kitovu kibichi cha siku za mwanzo inaweza kuingiza vijidudu kwenye damu. Kitambaa kikikazwa sana, mtoto hapumui vizuri wala hashibi.

Je, kitovu hakina hatari kabisa? Kinayo, ila ni nadra. Madaktari wa Senegali na Nigeria wameeleza watoto ambao utumbo ulinasa kitovuni, kwa hiyo zile dalili nilizozitaja za kinena zinahusu kitovu pia. Na mtoto aliyepita miaka minne au mitano kitovu kikiwa bado wazi, au mwenye tundu kubwa linaloingiza vidole viwili, apelekwe akapimwe. Mwenye kitovu kilichotokeza sana, asiyenyonya vizuri, mlegevu, anayekawia kukua, naye apelekwe, kwa sababu pengine kitovu ni ishara tu ya upungufu wa homoni ya tezi la shingo.

Mheshimiwa mwenyekiti, najua swali linalokuja: madaktari wa kuwapasua watoto wako wapi? Ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni tano duniani hawafikii upasuaji salama wanapouhitaji. Kwetu kuna Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, makao yake Arusha. Watu hukiita chuo kisicho na kuta, kwa sababu daktari hufundishwa akiwa kazini hospitalini. Kinasaidia, lakini kumwandaa daktari mmoja huchukua miaka, na ngiri ya mtoto wa miezi mitano haina miaka.

Kwa hiyo ninaomba kitu kisichohitaji bajeti. Kila mwezi mtoto hupelekwa kliniki. Huvuliwa nguo, hutiwa kwenye ile kaptula ya mizani, huning'inizwa, hulia, uzito huandikwa kwenye kadi. Ni wakati huo huo analia ndipo ngiri huchungulia. Muuguzi, kabla hajamvika, atazame kinena cha kulia na cha kushoto. Ni sekunde tano. Akiona uvimbe, aandike rufaa siku hiyo, na aandike kwenye kadi neno “kinena”, asiandike “ngiri” tupu, ili anayesoma mbele ajue ni kipi kisichosubiri. Na mama naye, kila akibadilisha pampasi, atazame.

Mtoto wa yule bibi tulimpasua asubuhi ile. Utumbo ulikuwa mweusi. Tuliufunika kwa vitambaa vya joto, tukangoja, ukarudi rangi. Korodani ya kulia haikurudi. Imesinyaa, na itabaki hivyo. Nilimweleza mama yake bila kuficha, naye akauliza swali moja ambalo bado sijalijibu vizuri: “Kumbe siku ile tuliyouonyesha, ilikuwa kazi ya nusu saa?”

Baada ya wiki mbili walirudi kuangalia kidonda. Kilikuwa kimefunga. Nikamwuliza bibi ile sarafu iko wapi.

“Nimeiongeza kwenye nauli ya kuja huku, mwanangu.”

Kitovu kilikuwa bado kimetokeza, kimekaa hapo juu ya tumbo kama kofia ya kichuguu. Tukakitazama wote watatu, tukakiacha.